Wayo wa Azucena

Abdénago Tarache hakupata kumwelewa mtu aliyemwambia kwamba ng'ombe ana siri. Alizaliwa katika nyika za Casanare, akapanda farasi kabla ya kujua kuhesabu, miguu mitupu, kidole gumba kikibana kikuku cha tandiko kama walivyofanya baba yake na babu yake. Katika umri wake wote alikuwa ameona kwamba mnyama huyu hafichi kitu: akiwa na njaa anakula, akishiba anacheua, akiugua anajitenga. Kwa hiyo siku mwenye shamba alipotuma neno kwamba atakuja daktari wa mifugo kutoka chuo kikuu kuwavisha ng'ombe kola, ili ijulikane wanafanya nini kutwa kucha, Abdénago, aliyekuwa mkuu wa wachungaji wa shamba lile, alivua kofia, akajikuna kisogo, akasema kwamba kama ni hilo tu, yeye angeweza kuwaambia bila mtu kusumbuka na safari.

Hakusikilizwa. Mwenye mali akitaka kulistaajabia jambo, mchunga wake hana budi kulistaajabia pamoja naye.

Daktari Yamile Cárdenas alikuja kutoka mji wa Villavicencio mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa mwanamke mfupi, mchapakazi, mwenye adabu, aliyekaa vibaya juu ya farasi bila kulalamika hata siku moja. Na hilo ndilo lililomkera Abdénago kuliko yote, kwa sababu mtu wa namna hiyo hana mahali pa kumchukia. Shabaha yake pia haikuwa ya kipuuzi. Alitaka kujua ng'ombe hula wapi maji yanapofunika mabonde na kundi linapokimbilia miinuko, hula kwa muda gani, hucheua kwa muda gani, ili watu watambue ardhi iliyochoka kabla haijafa. Kila kola ilibeba kijisanduku chenye kihisi kilichojua kama kichwa kimeinama au kimeinuka, kama taya linatafuna au limetulia, na mahali hasa aliposimama mnyama. Habari hizo ziliruka hadi kwenye mlingoti mwembamba uliosimikwa nyuma ya jiko, kisha zikaingia katika kompyuta ya daktari zikiwa mistari ya rangi.

Lakini kihisi, kama mtoto anayepelekwa chuoni, hakizaliwi na elimu, sharti kifundishwe. Na mwalimu aliyechaguliwa akawa Abdénago. Alitakiwa kukaa juu ya farasi wake, kando ya daktari, na kutamka kila mara anachokiona, ili mstari wa rangi upewe jina lake.

"Azucena anafanya nini sasa?" daktari aliuliza, macho yake kwenye kompyuta.

"Anakula."

Wakakaa. Korongo wekundu wakapita juu yao, wakatua mbali.

"Na sasa?"

"Anakula, daktari."

"Na sasa je, Don Abdénago?"

"Sasa anatutazama, anajiuliza kama sisi tumeshakula."

Daktari alicheka mpaka akashika shingo ya farasi asianguke, lakini hakuliandika jibu lile. Kesho yake wakarudi palepale, na keshokutwa, mpaka Abdénago akaanza kuota usingizini kwamba anaulizwa, na Ismenia, mkewe, akamwambia asubuhi kwamba alikuwa akijibu.

Azucena alikuwa ng'ombe wa Ismenia. Alikuwa mjukuu wa yule ng'ombe aliyekuja naye siku ya ndoa, akifuata nyuma ya farasi wa bibi harusi kwa kamba, na katika nyumba ile hakuna mtoto aliyekua bila maziwa ya ukoo huo. Sasa alikuwa na mimba pevu, ameachwa kukamwa, na ametolewa kwenda nyikani na kundi. Daktari alipotaka kumvisha kola alimwomba Ismenia ruhusa, hakumwomba Abdénago. Na Ismenia, aliyeombwa kwa upole jikoni akiwa na kikombe cha kahawa mkononi, akakubali.

Ikawa kwamba katika ng'ombe wote waliovishwa, Azucena peke yake aligundua kuivua kola. Alikisugua kisogo kwenye shina la mchikichi mpaka kola ikamtoka, nayo kompyuta ikatangaza kwamba mnyama hali, hacheui, hatembei, yaani amekufa. Abdénago akatandika farasi, akaenda kumkuta marehemu akinywa maji. Jambo hilo likatokea tena, na tena. Mara ya mwisho kola ilikuwa katikati ya dimbwi lililojaa mamba wadogo, akalazimika kuiopoa kwa fimbo huku tope likimfika kiunoni na wachungaji wake wakimpa mashauri kutoka nchi kavu. Siku hiyo aliirudisha shingoni akaikaza, akaifunga shimo moja zaidi la ukanda. Daktari alikuwa ameagiza kwamba kiganja kilicholala kipite kati ya ukanda na shingo. Kiganja cha Abdénago hakikupita. Alijiambia kwamba daktari hakusema kiganja cha nani, na cha Ismenia, kwa mfano, pengine kingepita.

Mvua za kwanza zikaja, na pamoja nazo inzi wale wa kijani wanaotaga penye jeraha. Jioni moja, ng'ambo ya kijito, Abdénago alimwona Azucena amesimama peke yake, shingo imepinda, akitikisa kichwa. Upepo ulimletea harufu kabla macho hayajafika: nyama hai inayooza. Chini ya ukanda ngozi ilikuwa imechubuka, na ndani ya mchubuko funza walikuwa wakichemka. Alijaribu kumkaribia, Azucena akajitosa katika kichaka cha mto, palipo na miiba na giza, na farasi wa Abdénago aliyechoka kwa kazi ya kutwa akakataa kumfuata.

Alirudi nyumbani akamwambia mkewe alichokiona, isipokuwa habari ya lile shimo. Ismenia hakungoja amalize. Alituma neno usiku uleule kwa Filadelfo Chaparro.

Filadelfo alikuwa kompadre wao. Ndiye aliyemshika kifungua mimba wao kwenye maji ya ubatizo, na katika nyika zile undugu wa maji hayo hupita ule wa damu. Alikuwa pia mtu wa sala. Mnyama aliyeingiwa na funza, Filadelfo hakuwa na haja ya kumwona wala kumgusa: alionyeshwa wayo wake tu, akausalia, na funza wakadondoka. Ndivyo walivyoamini wengi, na wengi walikuwa wameona.

Kazi ya kuutafuta wayo ilikuwa ya Abdénago, na hapo hapakuwa na wa kubishana naye. Katika kusoma nyayo hakuwa na mwenzake kutoka pale hadi kingo za mto Pauto. Waliopotelewa na farasi walikuja kumchukua nyumbani kwake. Wezi wa mifugo, walisema watu kwa mzaha, walimsalimia kwa heshima ya pekee. Wayo wa Azucena ungetambuliwa hata na asiye hodari, maana vidole vya kwato yake ya mbele, upande wa kushoto, vilipishana kama mtu aliyekunja nne. Asubuhi Abdénago aliukuta kwenye kivuko, upande huu wa kijito, mbichi, maji bado yanajikusanya ndani yake. Akafahamu kwamba mnyama alivuka usiku kuelekea nyumbani, kama wafanyavyo wagonjwa. Akamwita kompadre wake.

Filadelfo akavua kofia, akapiga magoti kwenye tope. Akauliza jina la mnyama, rangi yake na alama yake ya chuma cha moto. Akauzungushia wayo ncha ya kisu, akasoma kwa sauti ya chini maneno ambayo hayasikilizwi na mwingine, kisha akalinyanyua lile bonge la udongo na kuligeuza kifudifudi. Aliposimama aliyataja masharti, ingawa kila mmoja aliyajua: mpaka jua lichwe mara tatu, mnyama asifungwe kamba, asifukuzwe, asiguswe wala kutiwa dawa, na aliyesali asishukuriwe. Anayevunja sharti anamuua mnyama, na anamzimia aliyesali nguvu aliyopewa. Abdénago aliapa kwa niaba ya nyumba yake.

Adhuhuri daktari alifika kutoka shamba jirani alikokuwa na ng'ombe wengine, akaifungua kompyuta juu ya meza ya jikoni, na uso wake ukabadilika. Mstari wa Azucena ulikuwa umelala. Tangu juzi alikuwa akila kidogo; tangu jana hacheui ila kwa nadra. Alipoambiwa habari za funza alisimama palepale akaliendea sanduku lake la dawa. Alipoambiwa habari za sala akakaa tena.

Mabishano yaliyofuata yalichukua mchana mzima, na Abdénago aliketi katikati yake kama nguzo ambayo kila upande unaifungia farasi. Daktari hakuidharau sala. Alisema bibi yake mzaa mama alikuwa na yake kwa ajili ya watoto wenye homa. Ila alisema funza wa shingoni wakifika kwenye koo hawangoji jua lichwe, na kwamba roho zilizo hatarini ni mbili, ya mama na ya ndama. Ismenia alijibu kwamba roho mbili hizo ni zake, na kwamba kama si kola pasingekuwa na kidonda. Daktari akainama, akasema hilo ni kweli, na kwamba hajui imekuwaje, kwa kuwa kola za wengine hazikumchubua yeyote. Abdénago akatoka nje kutazama kama mvua inakuja.

Asubuhi ya pili Abdénago alikuwa mbele ya kompyuta kabla ya kahawa, yeye ambaye hakuwa ameitazama ila kwa kulazimishwa. Sharti lilimkataza kumgusa ng'ombe, na hapa palikuwa na chombo kilichomwezesha kujua hali yake bila kumgusa. Alikereka sana kuona kwamba anakihitaji.

"Yu hai," daktari alisema. "Lakini hajala tangu jana jioni. Mpaka kesho jioni, sidhani."

"Yuko wapi?"

Daktari aligusa kioo, na badala ya mistari ikatokea picha ya nyika kama aionavyo tai: kijito, kichaka, na uzi mwekundu uliojisokota mahali pamoja. Ulikuwa ng'ambo.

"Amerudi ng'ambo lini?" aliuliza Abdénago.

"Hajarudi. Hakuvuka. Tangu jioni uliyomwona yuko hapo hapo, ona mwenyewe. Hatua chache, anarudi, hatua chache."

"Alivuka. Usiku ule. Niliona wayo wake upande huu."

"Huenda, Don Abdénago. Hiki hukosea kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama upana wa zizi."

Kutoka kichaka kile hadi kivukoni ni mwendo wa mtu kuchoka. Abdénago alisema kwamba chombo hicho kilikwisha kumtangaza Azucena maiti zaidi ya mara moja, na kwamba yeye alikuwa akisoma ardhi kabla aliyekibuni hajazaliwa. Daktari alimsogezea kompyuta tu, aone mwenyewe. Angebisha, ingekuwa rahisi zaidi.

Alitandika farasi akaenda kivukoni, kwa nia ya kurudi na hoja. Bonge lile bado lilikuwa kifudifudi. Karibu nalo, katika tope la usiku huu, palikuwa na wayo mwingine, vidole vimepishana, mbichi kabisa. Moyo wake ukaruka kwa ushindi. Akaufuata juu ya ukingo, akapita nyasi ndefu, akamkuta mwenye wayo huo amesimama juani, mnene, anang'aa, akicheua kwa raha zake. Alikuwa mtamba wa miaka miwili, asiye na kola wala kidonda. Alikuwa binti yake Azucena.

Abdénago alishuka akaitazama kwato ya mbele, upande wa kushoto. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ukombo wa kwato hurithiwa, lakini pia hakuna aliyemkataza kuangalia. Alikaa chini kwenye nyasi. Kwanza aliwatukana inzi, kisha kola, kisha chuo kikuu na waliokijenga, kisha mama wa yule mtamba, aliyekuwa akioza ng'ambo kwa sababu mtu mmoja hakutaka tena kuchafuka kwa tope. Alipofika kwa mtu huyo alinyamaza.

Aliona wazi kilichokuwa mbele yake. Akinyamaza mpaka sharti liishe, hakuna atakayejua kamwe; ng'ombe atakufa, Ismenia atailaumu kola, daktari atalaumu sala, na yeye atabaki msoma nyayo mkuu wa Casanare. Akisema, itajulikana kwamba sala haikumwangukia Azucena, na asiyesaliwa hana sharti. Anaweza kufungwa kamba saa hiyo hiyo. Ila kabla ya Jumapili nyika yote itakuwa inacheka.

Alipanda farasi akaenda kwa Filadelfo.

Alimkuta barazani akimenya ndizi za kupika, kofia kichwani, kisu kilekile mkononi. Hakungoja kukaribishwa kiti.

"Kompadre, nimekuonyesha wayo usio wenyewe."

Filadelfo aliendelea kumenya. "Wewe?"

"Mimi. Ni wa mtamba, bintiye. Kwato zao zimefanana."

"Wewe, Abdénago Tarache, umeshindwa kumjua mama na mwana?"

"Cheka sasa hivi, kompadre, umalize. Nina haraka."

Filadelfo hakucheka. Aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye suruali, akasema kwamba yeye alisali kwa jina la Azucena, kwa rangi ya Azucena na kwa chuma cha Azucena. Wayo ni mlango tu, na aliye ndani ya nyumba husikia hata ukigonga mlango wa jirani. Kwa hiyo sharti limesimama.

"Funza wako palepale," alisema Abdénago. "Hali. Hacheui."

"Sala haipotei njia, kompadre."

"Basi iache ije. Itamkuta ametiwa dawa."

Abdénago alisema tena, kwa sauti ya chini safari hii, na maneno haya hakuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote: kwamba kola aliifunga yeye, kwa hasira, na kwamba ng'ombe akifa, hatakuwa ameuawa na chuo kikuu wala na kuvunjwa kwa sharti, bali na yeye. Filadelfo alimtazama kwa muda, kama anavyotazamwa mnyama ambaye mtu hajaamua kumnunua. Kisha akainuka, akaenda kuchukua kamba yake ya ngozi iliyoning'inia ukutani.

"Kama hakusaliwa, basi hakusaliwa," alisema. "Lakini kichakani humo peke yako hutamtoa. Farasi wako mwoga."

Walipita nyumbani kumchukua daktari, na Ismenia, aliposikia kwa kompadre mwenyewe kwamba sharti halipo, hakuwazuia. Walimtoa Azucena wakiwa wanaume wawili na daktari, maji ya kijito yakiwafika farasi tumboni. Filadelfo alimswaga kutoka kwenye miiba kwa kumwita jina. Abdénago akatupa kitanzi, ncha ya kamba ikiwa imefungwa kwenye mkia wa farasi kama ilivyo desturi ya nyika zile, na yule farasi mwoga, alipousikia uzito, akajikita kwa miguu minne kama aliyekuwa akiitafuta nafasi ya kujisafisha jina. Azucena hakupigana sana. Hilo liliwatisha kuliko kama angepigana.

Daktari alipiga magoti shingoni pake. Alipoufikia ukanda aliona shimo la kifungo, akaiona na alama ya shimo la zamani karibu yake, ngozi ya ukanda ikiwa imechakaa pale kifungo kilipozoea kukaa. Aliinua macho kwa Abdénago. Abdénago alikuwa akitazama masikio ya farasi wake kwa makini makubwa. Daktari akafungua kola, akaiweka kando kwenye nyasi, akaomba maji. Funza walitoka kwa makumi, wakaanguka mchangani, na Filadelfo, bila kuombwa, akawa anawakanyaga.

Azucena alilala siku hiyo na ya pili yake chini ya mlimao wa Ismenia, akilishwa kwa mkono. Hakuwa na kola, hivyo hakukuwa na mstari wa kutazama. Ikabidi Abdénago avute kigoda, akae, aangalie. Daktari alipopita kuelekea jikoni alimuuliza kwa adabu ileile ng'ombe anafanya nini sasa. Jioni ya siku ya tatu tangu ile sala, jua likichwa, Abdénago aliweza kumjibu kwamba anacheua.

Ndama alizaliwa kabla mwezi haujaandama, jike, na mtu wa kwanza kuinua kwato yake ya mbele, upande wa kushoto, alikuwa Abdénago. Alitikisa kichwa akaondoka bila kusema alichokiona.

Nyika ilicheka, kama alivyojua itacheka. Kwa muda mrefu kila aliyepoteza farasi alimwuliza kwanza kama farasi huyo ana binti. Na Jumapili moja baada ya misa, barazani kwake, mbele ya Ismenia, daktari na majirani kadhaa waliokuja kunywa kahawa, mmoja wao alimwuliza Filadelfo kwa ujanja sala yake ile ilikwenda wapi.

Filadelfo alinyoosha kidole kuelekea nyasi za kivukoni, ambako yule mtamba alikuwa akila, mnene, anang'aa.

"Mnaona funza hata mmoja pale?"

Wote waligeuka kumtazama Abdénago. Alikuwa na jibu. Kwa kweli alikuwa na majibu mengi. Alimtazama mtamba, akamtazama kompadre wake aliyekuwa akipuliza kahawa yake kwa utulivu wa mtu aliyelipwa. Kisha, kwa kuwa aliyesali hashukuriwi, alivua kofia, akajikuna kisogo, na kunyamaza.